Kwetu Hakuna Anayetokwa na Damu

Dobi: Mama wewe! Leo umenikumbuka mchana mchana? Ngoja niweke pasi pembeni nisije nikaunguza shuka la watu. Haya, sema na shangazi yako.

Bomba: Siyo yeye.

Dobi: Nani huyo?

Bomba: Mimi.

Dobi: Mimi nani? Hii namba ni ya binti wa kaka yangu. Simu umeitoa wapi?

Bomba: Ni mimi, Bomba. Kaka yako. Nimepiga kwa simu ya binti yangu.

[Pasi inatoa mvuke.]

Dobi: Nani amekufa?

Bomba: Hakuna aliyekufa. Habari za huko?

Dobi: Miaka tisa, kaka. Usianze na habari za huku. Mtoto yuko wapi?

Bomba: Nipo naye hospitali. Kidole tumbo. Kimevimba, wanasema kisipotolewa leo kitapasukia ndani. Anaingia chumba cha upasuaji saa tisa.

Dobi: Saa tisa hii? Hapa saa yangu ni nane na robo.

Bomba: Ndiyo hiyo hiyo. Muuguzi kanikabidhi mfuko wa vitu vyake, hereni, viatu, simu. Nikafungua nitafute namba yako. Wala sikutafuta. Uko juu kabisa. Kumbe mnaongea kila wiki.

Dobi: Tunaongea. Utanipiga?

Bomba: Sijasema kitu.

Dobi: Basi sema ulichopigia. Nina mashuka arobaini ya nyumba ya wageni na umeme hapa unakuja na kuondoka.

Bomba: Nataka kukuuliza jambo. Ni la — [mtandao unakwaruza] — kidogo.

Dobi: Sikusikii. Sogea dirishani.

Bomba: Nimesogea. Nasema ni jambo la kike. Siyo la kuulizana kaka na dada.

Dobi: Unachinja ng'ombe kumi kabla hujanywa chai, halafu unaogopa neno?

Bomba: Ng'ombe hanijibu. [anakohoa] Sikiliza. Ile damu yako. Ya mwaka ule.

Dobi: Eeh.

Bomba: Ilikuwa ni ile mara moja? Au ulikuwa hivyo tangu usichana wako? Kila mwezi, namaanisha. Nyingi.

[Kimya.]

Bomba: Haloo? Upo?

Dobi: Nipo. Nimekaa chini. Kwa nini unaniuliza leo?

Bomba: Kuna daktari hapa, mwanamke, kijana tu. Kamfunua binti miguu, kaona alama za bluu mapajani. Akaniuliza, mzee, mtoto huwa anavilia damu hivi? Nikasema sijui, labda kajigonga. Akaniuliza tena, kwenye familia yenu kuna mtu anayetokwa na damu isiyokatika? Aking'oa jino, akijifungua, akijikata? Kalamu iko kwenye fomu, ananisubiri.

Dobi: Ukamjibu nini?

Bomba: Maswali yalikuwa mengi, na mtoto analia tumbo —

Dobi: Kaka. Ulijibu nini?

Bomba: Nilimwambia kwetu hakuna.

Dobi: Hakuna.

Bomba: Ndivyo nilivyosema.

Dobi: Kwa hiyo mimi si wa kwenu.

Bomba: Usinigeuzie maneno. Yeye aliuliza ugonjwa. Wako haukuwa ugonjwa, wewe uli —

Dobi: Nili nini? Malizia.

Bomba: Tuyaache hayo.

Dobi: Nilikunywa kitu. Si ndivyo? Ulisimama mbele ya wakwe zangu, mkono kiunoni, ukawaambia msihangaike na hospitali, huyu kanywa kitu katoa mimba, aibu itakauka yenyewe. Siku ile hukukohoa. Leo neno limekukwama wapi?

Bomba: Saa inakwenda, mdogo wangu.

Dobi: Inakwenda, ndiyo. Siku zile nazo zilikwenda. Kumi na moja, mgongo wangu chini, na dumu la maji mlangoni. [anavuta pumzi] Haya. Nisikilize vizuri, maana mtoto hana kosa. Mtu yeyote asimguse yule kwa kisu mpaka daktari asikie ninachokwambia. Mimi nina ugonjwa wa damu. Nilipimwa huku nilikokimbilia, mara tatu, na nina kadi. Sikunywa kitu. Damu yangu haishiki.

Bomba: Haishiki vipi? Damu ni damu. Ikitoka inaganda. Nimeshinda nayo tangu nina miaka kumi na tatu, usinifundishe damu.

Dobi: Basi nifundishe wewe. Ukikinga damu ya ng'ombe kwenye ndoo ukaiacha, inakuwaje?

Bomba: Inaganda. Dakika chache tu imekuwa kama maini. Mwenye kiwanda cha chakula cha kuku haitaki hivyo. Ndiyo maana naikoroga na kijiti ikiwa ya moto. Zinajisokota nyuzi nyeupe nyeupe pale kwenye kijiti, nazitupa. Inayobaki hata ukiiacha mpaka kesho haigandi.

Dobi: Nyuzi hizo ndizo zinazoziba kidonda. Umesema sawa kabisa.

Bomba: Sasa?

Dobi: Sasa kuna kazi inayofanyika kabla ya nyuzi, na hiyo huwezi kuiona kwenye ndoo. Mshipa ukikatika, kuna chembe ndogo sana ndani ya damu zinakimbilia kwenye tundu na kujibandika. Zikishajibandika, ndipo nyuzi zinafuma juu yake. Ni kama mimi na shuka lililochanika. Kwanza kiraka, ndipo uzi. Sasa zile chembe hazishiki ukutani hivi hivi, zinataka gundi. Gundi hiyo ndiyo sisi tunayo kidogo mno. Kiraka kinateleza, kinaondoka na damu. Unashona hewa.

Bomba: Unasema sisi. Sisi nani?

Dobi: Wewe wanakuita Bomba kwa nini?

Bomba: Huu siyo wakati wa utani.

Dobi: Sitanii. Kwa nini?

Bomba: Pua. Unajua. Nilikuwa natoka damu puani shuleni.

Dobi: Natoka damu, au nafunguka kama bomba? Saa nzima kichwa juu, shati lote jekundu, mwalimu anakutoa nje. Mpaka ukaacha shule.

Bomba: Niliacha shule kwa sababu sikuona faida ya kuchora ramani za mito.

Dobi: Uliacha kwa sababu madaftari yako yote yalikuwa na damu na walikuwa wanakucheka. Nilikuwa nayafua mimi mashati yako. Mimi, dobi tangu nina miaka minane.

Bomba: Hata mwezi uliopita nilijikata kidole cha shahada na kile kisu kidogo. Siku nne kitambaa kinalowa. Nikasema kisu kina kutu.

Dobi: Kisu chako hakijawahi kuwa na kutu tangu nikujue.

Bomba: Hakina.

Dobi: Na mama yetu, akijifungua alikuwa analala mwezi mzima, midomo myeupe, tukaambiwa mama yenu mvivu.

Bomba: Baba ndiye aliyekuwa anasema hivyo.

Dobi: Na wewe ukarithi maneno. Mimi nikarithi damu. Kumbe na damu umerithi. Ugonjwa huu haubagui mke wala mume, ukiwa nao unaweza kumpa mtoto yeyote. Sisi wanawake tunaujua mapema tu, kwa sababu kwetu unabisha hodi kila mwezi.

Bomba: Sawa, sawa. Nimeelewa. Sasa nifanye nini? Nitampa damu yangu. Nimeshaandikisha jina, wananiita nane na nusu kunitoa chupa moja.

Dobi: Usithubutu! Wewe kichwa chako —

Bomba: Ni mwanangu! Ninayo tele, mwili huu unauona —

Dobi: Siuoni, nina miaka tisa sijauona! Damu yako ndiyo iliyompa tatizo, unataka kumwongezea? Halafu wewe mwenyewe ukishatobolewa huo mkono utauzuia na nini? Nenda kafute jina lako. Mtoto amekula nini? Amekunywa dawa gani kabla hamjafika hapo?

Bomba: Hakuna. Vya maumivu tu. Tumbo lilianza juzi, nikampa vidonge vyangu vya mgongo.

Dobi: Vinaitwaje?

Bomba: Vile vyeupe. Aspirini.

Dobi: Vingapi?

Bomba: Viwili asubuhi, viwili jioni. Jana tena hivyo hivyo. Nini? Mbona umenyamaza?

Dobi: Kwenye kadi yangu kuna mstari mmoja umepigwa wino mwekundu, kaka. Asipewe aspirini. Zile chembe nilizokwambia, hicho kidonge kinazilewesha, hazikimbilii tundu. Mtoto gundi hana, na chembe umezilaza.

Bomba: Sikujua.

Dobi: Najua hukujua.

Bomba: Mimi nilitaka maumivu yapungue. Alikuwa anajikunja kama —

Dobi: Najua. Simama. Daktari yuko wapi?

Bomba: Ule mlango wa mwisho. Umeandikwa marufuku kuingia.

Dobi: Wewe si hujui kusoma? Ingia.

Bomba: Najua kusoma.

Dobi: Leo hujui. Nenda, usikate simu. Umefika?

Bomba: Natembea. Kuna vitanda hapa njiani — samahani mama, nipishe — wamepanga watu mpaka ukutani. Nimefika. Nagonga. [kishindo cha mlango] Hawafungui.

Dobi: Gonga kama mtu anayechinja ng'ombe!

[Vishindo. Sauti za watu wakigomba. Mtandao unakwaruza.]

Bomba: [mbali] ...siyo ulevi, daktari, sijalewa, nisikilize kwanza. Shika simu. Ni dada yangu. Wa baba mmoja, mama mmoja. Shika.

Daktari: Haloo? Nani mwenzangu?

Dobi: Shangazi wa mgonjwa wako wa kidole tumbo. Daktari, mimi nina ugonjwa wa von Willebrand. Nina kadi mkononi, nikusomee?

Daktari: Subiri. Umesema von Willebrand? Umepimwa kweli, au uliambiwa tu?

Dobi: Nimepimwa maabara, mara tatu. Nilipong'oa jino huku walinichoma ile sindano ya kuamsha gundi, na vidonge vya kulinda donge la damu lisiyeyuke mapema. Baba yake huyo anatoka damu puani tangu utoto. Na mtoto amekula aspirini siku mbili.

Daktari: Siku mbili? Na nilikuwa nanawa mikono hapa. [kwa watu wengine] Simamisheni. Msimpe nusu kaputi. Nimesema simamisheni! [kwenye simu] Dada, mbona kwenye fomu yangu imeandikwa hakuna? Nilimuuliza baba yake mwenyewe.

Dobi: Alikuwa hajui, daktari. Tulipotezana muda mrefu.

Bomba: [pembeni] Nilijua.

Daktari: Unasemaje, mzee?

Bomba: [pembeni] Nilijua kwamba dada yangu alivuja damu siku kumi na moja. Nikasema hakuna. Uandike hivyo.

Daktari: Nitaandika baadaye. Dada, hiyo sindano hapa kwetu haipo. Naiagiza hospitali kubwa, ije na vifurushi vya damu vyenye hiyo gundi. Itachukua saa mbili, tatu. Kidole kikivumilia, tutampasua salama. Namwanzishia dawa ya kuua vijidudu asubiri nayo.

Dobi: Na kikipasuka kabla?

Daktari: Kikipasuka nitaingia hivyo hivyo na nilicho nacho. Nisomee kwanza kilichoandikwa chini ya jina lako kwenye hiyo kadi. Polepole.

Dobi: Aina ya kwanza. Kiwango, asilimia ishirini na mbili. Hiyo sindano inanikubali.

Daktari: Vizuri. Hiyo imenisaidia kuliko fomu yote. Mzee, shika simu yako. Na wewe tukimaliza nakutaka maabara.

[Mlango unafungwa.]

Bomba: Umesikia?

Dobi: Nimesikia.

Bomba: Saa mbili, tatu. Nikae hapa naangalia ukuta.

Dobi: Na kwa nini ulikataa nikufunike?

Bomba: Sijui. Mdomo ulitangulia.

Dobi: Siku hizi unatangulia pazuri.

Bomba: Usinicheke.

Dobi: Sicheki. Kaka, na mimi nina langu.

Bomba: Lipi?

Dobi: Mtoto aliniuliza jinsi ya kutoa damu kwenye godoro. Mwaka jana. Nikamwambia maji baridi, usitie ya moto, ya moto inaipika damu inakuwa doa la milele. Tia chumvi, usisugue, gandamiza. Akashukuru. Baada ya miezi miwili akauliza tena. Na mwezi wa pili mwaka huu akauliza tena.

Bomba: Sasa hapo kosa lako —

Dobi: Mara tatu, kaka! Na kadi ninayo kwenye pochi. Nilimfundisha kufua, sikumuuliza damu inatoka wapi kwa wingi huo. Nilijiambia nikimwuliza atajua yangu, na akijua yangu atakuja kukuuliza wewe, na wewe utamwambia lile neno lako. Nikanyamaza.

[Kitanda chenye magurudumu kinapita.]

Bomba: Godoro alilianika nyuma ya nyumba.

Dobi: Uliliona?

Bomba: Niliamka mapema kwenda machinjioni. Nikaliona limelowa, limeegemezwa ukutani. Na mashuka. Nikajiona mimi ni mtu mwerevu. Nikajua najua ninachokiona.

Dobi: Kaka.

Bomba: Alikuwa anajikunja na tumbo hata siku ile.

Dobi: Ulimwambia nini?

Bomba: [anakohoa]

Dobi: Ulimwambia nini mtoto?

Bomba: Unajua nilichomwambia.

Dobi: Nataka nisikie.

Bomba: Nilimuuliza umekunywa nini.

Dobi: Maneno yale yale.

Bomba: Yale yale. Akasema baba, sijanywa kitu. Nikamwambia hata shangazi yako alisema hivyo hivyo.

[Mtandao unakwaruza.]

Bomba: Haloo? Usikate. Tafadhali. Haloo?

Dobi: Sijakata. Natafuta mahali pa kuweka mkono wangu nisivunje kitu cha watu.

Bomba: Ndiyo maana juzi tumbo lilipoanza alfajiri hakuniambia mpaka akaanguka asubuhi. Aliogopa nitauliza tena.

Dobi: Na tangu siku ile ya godoro anakusemesha?

Bomba: Shikamoo baba, chakula tayari baba. Basi.

Dobi: Sasa yuko wapi?

Bomba: Wamemrudisha wodini, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Namwona kwa hapa. Kafumba macho ila hajalala, vidole vinacheza.

Dobi: Nenda kwake.

Bomba: Daktari kasema apumzike.

Dobi: Saa mbili, tatu, kaka. Kidole kinaweza kisisubiri. Unataka aingie humo akiamini baba yake anajua amekunywa kitu? Nenda ukamwambie.

Bomba: Nimwambie vipi? Mimi maneno ya namna hiyo sina.

Dobi: Ya kushtaki ulikuwa nayo tele. Tafuta na haya.

Bomba: Na wewe? Wewe sijakuambia chochote bado.

Dobi: Mimi utaniambia mbele ya wale waliokuwa wamekaa siku ile. Shangazi zetu, wakwe, wote walio hai. Utasimama vile vile, hata mkono weka kiunoni ukitaka. Kwenye simu siyataki.

Bomba: Wote?

Dobi: Wote.

Bomba: ...Sawa. Nitawaita.

Dobi: Sasa nenda kwa mtoto. Mimi nabaki hapa hapa nasikiliza.

[Hatua. Kiti kinavutwa.]

Bomba: [sauti ya chini, mbali na simu] Mama. Mama, fumbua macho kidogo. Hapana, hakuna kilichoharibika, wamesogeza muda tu. Wanasubiri dawa. Una ugonjwa wa damu, siyo kosa lako, umetoka kwangu. Mimi ndiye niliyekupa. Lile godoro. Nilikuambia umekunywa kitu. Hukunywa kitu. Na shangazi yako hakunywa kitu. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, nikaongea kama mtu anayejua. Unanisikia?

[Sauti nyembamba, haieleweki.]

Dobi: Anasemaje? Kaka? Anasemaje?

Bomba: Ngoja. [kwa mtoto] Eeh? Sema tena, mama.

[Sauti nyembamba.]

Bomba: Anauliza nani kaniambia.

Dobi: Mwambie.

Bomba: Nimemwonyesha simu. Analia. Nimemshika mkono, kauacha, hajautoa. Sijui analia kwa kipi.

Dobi: Usimwulize. Kaa tu hapo.

Bomba: Anasema kitu. Anasema hii simu ni yake.

Dobi: Ni yake kweli.

Bomba: Anasema anataka kuongea na shangazi yake, wawili tu. Mimi nitoke nje.

Dobi: Basi toka, kaka. Mpe simu.